Siku Yaliponyamaza Maji

Harufu haionekani wala haishikiki, haina mlango wa kubishiwa hodi. Lakini waliotutangulia walipoitafutia kitenzi waliliacha jicho, wakauacha na mkono, wakaliendea sikio. Tukasema tunasikia harufu, kana kwamba kila kinachonuka kinasema, na pua imewekwa usoni ipokee maneno ambayo mdomo hauna jibu lake. Nyamizi alilielewa hilo kuliko watu wote wa Mji, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila asubuhi aliyasikiliza maji kwa pua.

Mji haukuwa na jina jingine. Ulikaa juu ya kilima, na chini ya kilima kulikuwa na Bwawa lililozungushiwa ukuta mrefu, na chini ya Bwawa kulikuwa na bonde ambamo watu wote waliishi kabla ya kupandishwa kilimani na bonde lao kufunikwa na maji. Ilikuwa lini? Hakuna aliyejua. Mji uliacha kuhesabu miaka tangu mvua ilipoacha kunyesha, kwa sababu mwaka usio na masika ni kama uzi usio na fundo: unauvuta, unauvuta, hujui umefika wapi. Mtu aliweza kuwa kijana leo na mzee kesho, na jirani zake wasishangae. Kilichotenganisha siku na siku ni neno moja tu, neno la maji.

Neno hilo lilitoka katika chumba cheupe kilichojengwa ukutani mwa Bwawa. Humo walikaa waonjaji watatu. Nyamizi alikuwa wa kwanza, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye pua ndogo isiyotazamisha mtu. Wa pili alikuwa Mwasiti, msichana aliyeingia kazini karibuni, ambaye bado aliishika glasi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitoto kichanga. Wa tatu alikuwa Mzee Shomvi, aliyeifanya kazi hiyo muda mrefu mpaka kiti chake kikachukua umbo lake. Kila mmoja alinusa, akapiga funda, akasukutua, akatema, kisha akasema. Maji mema hayasemi kitu, kwa hiyo neno la wema lilikuwa "Kimya." Zikishatimia kimya tatu, bendera nyeupe ilipandishwa langoni, na Mji mzima ukafungua mabomba, ukanywa.

Asubuhi moja Nyamizi aliinua glasi, na kabla haijafika mdomoni, chumba kikatoweka. Alikuwa shambani, ameinama, jembe mkononi, na mikono iliyolishika lile jembe haikuwa yake. Ilikuwa mipana, yenye kovu kwenye dole gumba. Matone makubwa yalipiga vumbi, na vumbi likapanda na harufu yake, ile ya udongo mkavu unapokunywa kwa mara ya kwanza. Mtu akamwita kwa jina asilolijua, naye akageuka kuitika. Halafu akajikuta tena kitini, maji yakimtiririka kidevuni.

"Yanasema," alisema.

Mwasiti akaishusha glasi yake. "Yanasema nini, Dada?"

"Udongo. Udongo uliopigwa na mvua."

Mwasiti alinusa tena, na macho yake yakalengwalengwa na machozi, ingawa alizaliwa baada ya mvua na hakuwa na cha kukumbuka. "Hata mimi nasikia," alisema kwa sauti ndogo. "Sikijui ni kitu gani, lakini nasikia."

Mzee Shomvi alikohoa. "Kuna kitu," akasema. "Ndiyo. Kuna kitu."

Bendera haikupandishwa. Kabla jua halijafika utosini, akaja Mshika Funguo mwenyewe, mtawala wa Mji, mtu mrefu aliyevaa kanzu isiyo na doa na aliyezungumza taratibu kama anayemwamsha mgonjwa. Alifuatana na Kasimba, mchunguzi wa maabara, ambaye hakuwa na subira ya kungoja aulizwe.

"Ni vijidudu, Mheshimiwa," Kasimba alisema. "Vyembamba kuliko uzi wa buibui. Vingine huishi udongoni, vingine humo humo katika utando wa kijani unaotanda juu ya Bwawa. Vinatengeneza kitu ambacho wasomi wanakiita jiosmini. Vikifa, vinakiachia. Ile harufu ya mvua ya kwanza tuliyokuwa tukiisifu ndiyo hiyo hiyo. Tone dogo likianguka katika Bwawa zima, pua ya mtu italijua."

"Inaua?"

"Harufu yenyewe haiui. Lakini utando ule una kabila nyingi ndani yake. Zipo zinazonuka na hazina sumu, zipo zenye sumu na hazinuki. Harufu inatuambia kwamba kuna wageni ndani ya maji. Haituambii ni wageni gani. Tufunge maji mpaka nipime."

Mshika Funguo alitabasamu. "Umesema mwenyewe haiui. Kama haiui, haipo. Pandisheni bendera."

Kasimba alibisha, na kubisha kwake kulimponza. Alasiri hiyo maabara ilitiwa kufuli, naye akaonyeshwa barabara ya kutoka Mji. Alipita dirishani mwa chumba cheupe akiwa na fuko lake begani, askari wawili nyuma yake, akasimama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

"Bi Nyamizi," alinong'ona, "nisikilize. Maadamu maji yananuka, usiogope sana. Ogopa siku utando utakapokuwa bado upo na harufu imekoma. Siku hiyo ujue waliokuwa wakinuka wamekwisha, na waliochukua nafasi yao hawasemi."

Akaondoka. Nyamizi alibaki na jambo moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ile harufu aliyodhani ni pumzi ya uhai, ambayo watu wa bondeni waliitokea nje, watoto wao wakicheza, kumbe ni pumzi ya mwisho ya viumbe visivyo na idadi. Vinakufa, sisi tunafurahi. Labda kila furaha ina makaburi yake chini, madogo mno hatuwezi kuyaona. Labda na sisi, tunapokufa, kuna pua mahali inayoinuka na kusema, ah, mvua imekuja. Ni nani huyo anayetunusa? Na anafurahia nini?

Siku zilizofuata Mji ulikunywa maji yenye harufu na hakuna aliyesema. Kila nyumba ilianza kutia tangawizi katika maji ya kunywa, mchaichai, ndimu, karafuu, na hakuna mke aliyemweleza mume sababu, wala mume aliyeuliza. Jirani alimtembelea jirani, akaletewa glasi, akainusa kidogo kabla ya kunywa, macho yao yakakutana, wakazungumza habari za paa linalovuja, katika Mji ambao haukuwa umeona mvua. Je, jambo wanalolisikia wote na kulikana wote, lipo? Nyamizi alijiuliza hivyo kila alipofumba macho kuinusa glasi ya asubuhi. Akifumbua, anasikia mdomo wake mwenyewe ukisema "Kimya," na Mwasiti anasema "Kimya" huku ameinamia sakafu, na Mzee Shomvi anasema "Kimya." Neno lile lile la zamani. Lakini zamani lilikuwa jina la maji, na sasa lilikuwa jina lao.

Nyumbani kwake alikuwa na mama yake, Bi Kalunde, aliyezaliwa bondeni na ambaye macho yake yalikwisha kufifia. Kwa muda mrefu Bi Kalunde alikunywa maji kama mtu anywaye dawa, kwa kulazimishwa. Sasa alikunywa vikombe vitatu kwa mfululizo, akapangusa mdomo.

"Nani amekuletea maji ya kwetu?" aliuliza.

"Ni ya bomba, mama. Usiyanywe sana. Hatujui yana nini."

"Ninyi hamjui. Mimi najua. Haya yametoka kwenye shamba la mama yangu, pale penye udongo mweusi."

Asubuhi ya pili Nyamizi alimkuta uani, ameshika jembe lisilo na mpini, anakwangua ardhi ngumu kama sakafu. Alipomsikia anakuja, Bi Kalunde aliinua uso, na ulikuwa uso wa mtoto.

"Mama," alimwambia binti yake, "mvua imeshika. Mbona hujatoa mbegu?"

Nyamizi alitaka kusema, mimi ni Nyamizi, wewe ndiye mama. Lakini aliitazama mikono yake mwenyewe, na kwa muda wa pumzi moja aliliona lile kovu kwenye dole gumba. "Nakuja, mwanangu," akajibu. "Tulia kidogo, nakuja."

Haikuwa nyumba yao peke yake. Katika kila ua palikuwa na mtu anayechimba. Wazee walianza, wakafuata watoto wao, halafu watu waliozaliwa kilimani, wasiowahi kuligusa jembe, wakapanga matuta kwa ustadi wasiofundishwa na yeyote. Waliitana kwa majina ya watu waliozikwa bondeni. Mchana kutwa kilima kilisikika kikikwanguliwa, na Mshika Funguo akakitazama kutoka roshani yake akaona jambo la kumtisha. Watu walikuwa wanakumbuka. Leo wanakumbuka udongo. Kesho watakumbuka ni nani aliyewapandisha huku, na kwa ahadi gani.

Kumbukumbu huwezi kuitia kufuli. Unaweza tu kuifanya mali yako. Kwa hiyo likapigwa tangazo: Mshika Funguo, kwa upendo wake, amewarudishia watu harufu ya bonde. Maji haya ni zawadi. Kuanzia leo neno la wema si "Kimya" tena, ni "Udongo," na asiyesikia udongo ana ugonjwa wa moyo, si wa pua. Watu waliokuwa wakificha glasi zao walizitoa nje, wakashangilia. Tangawizi ikatupwa. Yule aliyeogopa kusema anasikia, sasa aliogopa kusema hasikii. Hofu ni ile ile, iligeuzwa tu kama mto wa kulalia ulioloa upande mmoja.

Na Nyamizi? Aliona ahueni, na aliionea haya ahueni hiyo. Angalau sasa aliposema "Udongo" alisema kweli. Kweli ni kweli, alijiambia, hata ikiamriwa. Au sivyo? Kweli inayoamriwa, je, siku ikikoma kuwa kweli, nani atathubutu kusema?

Siku hiyo ilifika bila ishara. Aliinua glasi, akanusa. Akanusa tena. Hakutoka chumbani, hakwenda popote, mikono ilibaki yake. Maji yalikuwa yamenyamaza.

"Udongo," alisema Mwasiti upesi, kama anayetema kaa la moto.

"Udongo," alisema Mzee Shomvi.

Nyamizi hakusema. Aliinuka, akafungua mlango wa nyuma uliotokea ndani ya ukuta, mlango ambao waonjaji tu waliruhusiwa kuupita, akashuka mpaka ukingoni mwa Bwawa. Utando ulikuwepo. Ulikuwa mzito kuliko jana, na rangi yake imegeuka, kijani kikali kinachong'aa kama rangi ya mlango iliyomwagika. Perege walielea matumbo juu. Korongo wawili walikuwa wamelala kwenye tope, mmoja bado anapigapiga bawa moja. Na hapakuwa na harufu yoyote.

Alirudi mbio nyumbani. Bi Kalunde alikuwa amekaa kizingitini na kikombe kimejaa mbele yake.

"Umekunywa, mama?"

"Ninywe nini? Mmenibadilishia maji." Alisema kwa sauti yake ya utu uzima, ya siku zote. "Haya hayana kwao. Yamwage, Nyamizi."

Kwa kuitwa jina lake mwenyewe, Nyamizi alipata nguvu. Alirudi kwenye chumba cheupe, akaingia penye koki kuu iliyolisha Mji wote, gurudumu la chuma la ukubwa wa sinia la arusi, akalizungusha mpaka mikono ikachubuka na maji yakakatika.

Haikupita saa. Watu walifurika langoni na ndoo na madumu, wengine na majembe yao, jua limewasimamia vichwani. Nyamizi alipanda kwenye jiwe la lango.

"Ndugu zangu, maji yamenyamaza!" alisema. "Nimeliona Bwawa. Samaki wamekufa, ndege wamekufa. Ile harufu ilikuwa inatuamsha. Sasa imekoma, na kilichobaki ndicho kinachoua. Msinywe!"

"Jana ulisema udongo!" alipaza sauti mwanamume mmoja.

"Na juzi ulisema kimya!" alisema mwingine. "Leo tukuamini kwa lipi?"

Hiyo ndiyo iliyomuuma, kwamba waliomzomea walikuwa na haki. Ameutumia ulimi wake vibaya katika mambo madogo, na sasa jambo kubwa limekuja na ulimi haukopesheki.

Mshika Funguo aliwasili, na umati ukampisha. Hakukasirika. Aliagiza jagi la maji lichotwe Bwawani, likaletwa, akalishika juu watu walione. Kisha, badala ya kulipeleka kinywani kwake, alimgeukia mtu aliyesimama nyuma ya Nyamizi.

"Mzee Shomvi," alisema kwa upole, "wewe ndiye pua kongwe ya Mji huu. Waambie watu hawa unasikia nini."

Mzee Shomvi alilipokea jagi. Alimtazama Nyamizi. Nyamizi alitikisa kichwa, midomo ikamcheza, "Usinywe, Baba." Mzee aliutazama umati, macho elfu yaliyokaukiwa. Akainua jagi, akanywa. Hakuonja, alikunywa, koo likipanda na kushuka, mpaka likabaki tupu. Akapangusa ndevu zake, akatabasamu.

"Udongo!" akasema. "Nasikia udongo!"

Kelele za furaha zilimwangusha Nyamizi kwenye lile jiwe. Koki ikafunguliwa. Watu walikunywa pale pale, kwa viganja.

Mzee Shomvi alianza kutapika jioni. Siku ya tatu macho yake yalikuwa ya manjano kama binzari, na tumbo limevimba. Nyamizi alikaa kando ya kitanda chake mchana kutwa, akimlowesha midomo kwa maji ya dafu. Nje vilio vilianza nyumba moja, vikaitikiwa na nyingine, kama jogoo wanavyoitikiana.

"Baba," aliuliza, "siku ile ulisikia udongo kweli?"

Mzee alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Mwanangu, sijasikia harufu yoyote tangu mke wangu alipofariki. Nilipika uji ukaungua mbele yangu. Nilijua kwa moshi machoni."

"Lakini kila asubuhi ulisema nasi."

"Nilikuwa nakutazama uso. Ukijikunja kidogo hapa, katikati ya nyusi, nasema kuna kitu. Ukitulia, nasema kimya. Siku za karibuni uso wako ulikuwa unasema kimoja na mdomo kingine. Nikafuata mdomo, kwa usalama."

"Na Mwasiti?"

"Mwasiti ana pua nzuri. Lakini naye hukutazama kwanza. Nimemwona."

Nyamizi alihisi kitanda, chumba, kilima chote kikisogea. Pua tatu, bendera moja, Mji mzima. Na kumbe muda wote huo watu wote walikuwa wanakunywa kwa pua yake peke yake, bila yeye kujua.

"Siku ya lango," alisema, "uso wangu ulikuwa mbele yako."

"Niliutazama. Ulisema usinywe." Mzee alifumba macho. "Lakini wao wote walikuwa wanautazama wa kwangu."

Alifariki kabla ya adhuhuri. Hakuwa peke yake. Walikufa watu wengi kuliko makaburi yaliyoweza kuchimbwa, na waliobaki waliyachukua yale majembe ya uani, wakaenda wakaubomoa ukuta, na kwa mara ya kwanza wakakiona walichokuwa wakinywa. Mtoto mmoja aliuliza ile rangi ni ya nini, mama yake akamziba macho. Siku hiyo hiyo Mshika Funguo alitangaza kwamba yeye ndiye aliyeamuru ukuta ubomolewe. Wengine walimshukuru.

Bwawa lilitolewa maji, mchunguzi mwingine akaletwa, visima vikachimbwa upande wa pili wa kilima. Kasimba alitafutwa hakuonekana. Na Nyamizi akaitwa, akavishwa joho, akaambiwa yeye sasa ndiye mkuu wa waonjaji. Wakapigwa picha, yeye na Mshika Funguo. Hakukataa. Aliwaza, nikikataa, nani atakaa pale?

Asubuhi ya kwanza aliingia chumba cheupe. Rangi ilikuwa mbichi. Mwasiti alikuwa kitini, na kando yake waonjaji wapya wawili, mwanamume na mwanamke, wamenyooka kama wanafunzi siku ya mtihani. Glasi nne zilikuwa zimejazwa maji ya kisima kipya. Nyamizi alikaa, akaigusa yake. Akainua macho. Hakuna aliyeitazama glasi. Wote watatu walikuwa wanautazama uso wake, mahali pale, katikati ya nyusi.

Aliinuka. Alikishika kiti chake, akakiburuta sakafuni mpaka ukutani, akakigeuza, akakaa akiwapa mgongo, uso wake umebaki shibri moja kutoka kwenye ukuta mweupe.

"Haya," alisema. "Niambieni mnasikia nini."

Nyuma yake glasi ziliinuliwa. Alisikia pumzi tatu zikivutwa. Halafu hakusikia kitu. Alingoja. Jua lilipanda ukutani kidole kimoja, viwili. Huko nje watu walikuwa wameshapanga foleni chini ya mlingoti, wanaangalia juu.

"Dada Nyamizi," Mwasiti alisema mwishowe, "tafadhali, geuka kidogo tu."

Nyamizi hakugeuka.